Chakula cha Mchana cha Poni

Jumatatu, 2 Juni

Uji umeungua chini. Nilisinzia nimesimama, mwiko mkononi. Poni kaunywa hivyo hivyo, mwanangu, hana maringo.

Wani, mume wangu, kaondoka asubuhi na baji, meli ya mizigo ya mtoni, kutoka bandarini kwenda Malakal. Yeye ndiye fundi wa injini, wakiwa mtoni simu hashiki. Atarudi atakaporudi. Nimechoka kabla wiki haijaanza.

Shida ni mchana. Asubuhi napika mwenyewe, jioni napika mwenyewe, kwa sufuria yangu ninayoificha chini ya kitanda majirani wasije wakaiazima. Mchana niko kazini mtaa wa Hai Amarat, chumba cha kufulia cha hoteli, Poni anacheza kwenye kapu la mashuka. Kupika pale marufuku. Nikibeba chakula, joto la mashine linakichachusha. Lazima ninunue. Na Juba hii kila chungu kina karanga. Mboga, karanga. Samaki mkavu, karanga. Wanazisaga zikawa laini, wanaziita dakwa, wanatia kama kwetu Mwanza tunavyotia nyanya.

Niandike wazi. Karanga zinaweza kuniulia mtoto. Mwaka jana alikula kipande cha kashata, uso ukavimba mpaka macho yakapotea. Daktari akasema ya pili inaweza kuwa mbaya kuliko ile. Asiguse tena, maisha yake yote.

Natafuta mgahawa mmoja. Mmoja tu wa kuamini.

Jumatano, 4 Juni

Mapumziko nimezunguka na mtoto mgongoni. Mgahawa wa kwanza una harufu ya dakwa mlangoni. Nimegeuka. Wa pili, msichana kanijibu "hakuna" kabla sijamaliza kuuliza. Anayejibu haraka hivyo simwamini. Nimegeuka.

Wa tatu wa Waethiopia. Hatukuwa na lugha. Mimi Kiswahili, mpishi Kiamhari, katikati Kiarabu cha kuokoteza. Nimeonyesha mdomo wa Poni, nikavimbisha mashavu, nikajishika koo. Wateja wamecheka. Yeye hakucheka. Kaingia jikoni katoka na kiganja kimejaa dengu, mbichi. Kama kusema, hizi ndizo zilizo ndani ya mchuzi. Kaja na unga pia, nikanusa.

Nimemwamini. Lakini ile injera, chapati yao chachu, Poni kaitema. "Mama, imeoza." Mbele ya mpishi. Nimeona aibu, nimemwomba radhi kwa mikono.

Mchana kala ndizi tu.

Jumamosi, 7 Juni

Konyo Konyo, sokoni. Tope hadi kwenye vifundo. Nimetafuta duka la unga lenye mashine inayosaga mahindi peke yake. La tatu ndiyo. Mzee kanifungulia mashine nitazame ndani. Duka zuri. Nitakuwa narudi hapo.

Halafu nimeuliza ful, maana naambiwa ful ni maharage. Muuzaji mmoja kanionyesha maharage makubwa ya kahawia. Wa pembeni yake kanionyesha karanga. Neno moja, magunia mawili. Mara ngapi nimeambiwa chakula kina ful, nikaitikia?

Nimeulizia na njugu. Zile ngumu za duara, bibi yangu kule Mwanza alizichemsha kwa chumvi, na Poni alikuwa akizila moja moja kama peremende. Hizo hazijawahi kumdhuru. Sikuzipata.

Nimeamua. Sili tena kwa wanaosema Kiarabu. Nitafute Waswahili wenzangu.

Jumapili, 8 Juni

Sherikat, kwa mama yake Wani. Poni anamwita Habuba, yaani bibi kwa Kiarabu cha hapa, na mimi nimefuata hivyo hivyo. Anaongea Kiswahili cha Uganda alikokaa ukimbizini. Ananipenda, najua. Leo kanitibua.

Kasema mtoto ni mimi ninayemharibu. "Mimi iko na watoto saba, bint. Hakuna hata moja naogopa ful. Anza na kidogo. Kidole moja. Atazoea."

Kaniambia hivyo huku kidole kimepakwa dakwa. Poni kasimama karibu, mdomo wazi.

Nilimnyakua. Sikumkosea adabu, lakini nilisema hapana, na nikarudia hapana. Kanywea. Tumekunywa chai, Poni mapajani mwangu. Siwezi kumwachia Poni hata nikienda chooni. Inauma kuandika hivyo juu ya bibi yake.

Jumanne, 10 Juni

Nimepata!

Nyuma ya hoteli, uchochoro wa mafundi cherehani. Mkenya, anaitwa Nafula. Meza zake zimefutwa, sufuria zinang'aa, anafunika maji. Nimeuliza mlangoni kabla ya kukaa: mnatumia karanga?

"Karanga ni Jumamosi peke yake, madam. Siku zingine hakuna, hata ulie."

Nimerudia. Hakuna kabisa? Hata kidogo? Kacheka. "Huyu wa Tanzania na Kiswahili yake ya redio! Nimesema hakuna. Kaa chini mtoto akule."

Jumamosi siendi kazini. Mungu kaona.

Poni kala ugali na maharage, kaomba tena. Nafula kamwongezea, kamfinya shavu: "Kamtoto kanakula kama dereva wa lori!" Nimegeukia ukutani, machozi yamenitoka. Mtu anaweza kulia kwa sababu ya maharage.

Alhamisi, 12 Juni

Tena kwa Nafula. Sukuma wiki, ugali. Poni kalala kwenye mashuka tumbo limejaa. Nimelala usiku mzima mara ya kwanza tangu Wani aondoke. Nimesahau hata kuficha sufuria.

Ijumaa, 13 Juni

Yuko hai. Sina nguvu ya kuandika. Yuko hai.

Jumamosi, 14 Juni

Niandike sasa, amelala, pumzi naisikia.

Jana Nafula katuletea mboga ya majani, ina mchuzi mzito. Kafurahi mwenyewe. "Leo nimemwekea njugu kwa mboga, anone kidogo." Nikamwona bibi yangu, na sufuria yake, na Poni na njugu zake. Nikasema weka, njugu anazipenda. Mimi mwenyewe. Kwa mdomo wangu.

Vijiko viwili au vitatu. Kajikuna shingo. Kasema, "Mama, ulimi unawasha." Nilipomtazama, mdomo haukuwa mdomo wake. Kakohoa kama mbwa. Nimembeba, sandali yake moja imebaki kwa Nafula. Mvua. Boda wa kwanza kakataa akiogopa tope, wa pili katuchukua bila kuuliza tunakwenda wapi. Nilimwimbia sikioni njia nzima, asilale, asilale. Sijui niliimba nini.

Kliniki wamemchoma sindano. Wakamwangalia. Wakamchoma nyingine. Nesi kaniambia kaa, ukianguka wewe nitawabeba wawili. Jioni macho yamefunguka, kaniuliza sandali yangu iko wapi.

Wametupa na dawa ya maji, kichupa kidogo.

Namchukia Nafula. Kaniambia hakuna karanga. Kaniangalia machoni kasema hakuna hata ulie.

Jumapili, 15 Juni

Habuba kaja baada ya kanisa. Kamwona Poni, macho bado mazito, mdomo haujarudi sawasawa. Kakaa kitandani kamshika mguu. Hakusema atazoea. Nilitaka kumwambia umeona sasa. Nimenyamaza, maana aliyemlisha ni mimi.

Nimeanza kufunga nguo. Nikipata basi la Uganda, nikaunganisha, nitafika Mwanza. Wani atanikuta huko au asinikute. Mji ambao siwezi kumlisha mtoto si mji wetu.

Jumatatu, 16 Juni

Nafula kaja hadi chumbani. Kauliza mafundi cherehani, wakamwelekeza. Kashika sandali, imeoshwa. Habuba yupo, alikuja na maji ya kuoga ya mtoto. Nilitaka kumfungia mlango. Kaingia.

Nikamwambia umenidanganya, nilikuuliza karanga.

"Na nikakujibu! Karanga ni nyama ya kukaanga, ile ya Jumamosi. Uliza Mkenya yeyote!" Analia, anafoka. "Na njugu nilikutajia na mdomo yangu, ukasema weka! Mimi ningemuua aje mtoto nimempenda?"

Nimesema njugu si hizo, njugu ni zile za duara, ngumu, za kuchemsha. Kanitazama kama mwendawazimu. Katoa karanga mfukoni mwa aproni, na ganda lake, kaiweka sakafuni mbali na kitanda. "Hii unaita nini?"

Karanga.

"Sisi hii ndiyo njugu."

Nimekaa sakafuni. Kiarabu nilikiogopa, nikanusa hadi unga. Mwethiopia alinitolea dengu kiganjani, na sikujifunza. Nikaja kwa lugha yangu, nikafumba macho.

Habuba kazitazama nyuso zetu mbili. "Nyinyi nasema Kiswahili moja, eh? Na mimi munacheka nikisema mimi iko."

Nafula kaanza kucheka katikati ya kilio, makamasi yanamtoka. Na mimi. Kicheko cha ajabu, kinauma mbavu. Poni kaamka, kauliza kuna sherehe gani.

Nimemwomba Nafula msamaha. Kaniambia niache, tuombane wote.

Alhamisi, 19 Juni

Sijaenda Uganda. Begi liko mlangoni, sijalifungua.

Kichupa cha dawa kimeisha. Nimekiosha, nimekikausha juani, nimetumbukiza ile karanga ya Nafula na ganda lake. Nimekaza kifuniko, nimezungushia utepe wa gundi tabaka juu ya tabaka, hata mimi siwezi kukifungua. Naonyesha. Sitaji jina. Hii imo ndani? Hii, imegusa sufuria hii?

Nimeanza kuzunguka upya. Kule dakwa inakonuka mlangoni, hapana. Msichana anayejibu haraka, safari hii katazama kichupa, kaenda kuuliza jikoni. Imo, kwenye kila kitu. Siku ile ningekaa! Mwethiopia kaelewa kabla sijatikisa. Kajigonga kifua, hapana, kamwe. Nimemuulizia wali. Anao, na dengu. Poni kala. Wiki mbili mgahawa ulikuwa pale pale, mimi naona injera tu.

Jumanne, 24 Juni

Kwa Nafula. Katenga jiko la nje, sufuria moja ina kitambaa chekundu kwenye mkono. Hakuna anayeigusa. Fundi cherehani mmoja alitaka kupashia chai humo, kamfukuza na mwiko. "Hiyo ni ya mtoto! Nenda uchemshie kwa cherehani!"

Nimeonja mimi kwanza. Nimetazama sufuria, kijiko, mikono yake. Hakununa. Kasimama nikague mpaka nimalize.

Sijamwamini kama siku ile. Sitamwamini mtu hivyo tena. Lakini Poni amekula.

Wani kapiga, wametia nanga mahali penye mtandao. Nimemweleza yote. Kauliza, bado mko Juba? Nimesema tupo. Nimelifungua begi wakati anaongea.

Jumapili, 29 Juni

Sherikat, kwa Habuba. Mvua imekatika. Kapika asida, ugali wao, na samaki mbichi. Sufuria mpya, bado ina karatasi ya dukani chini. Mtungi wa dakwa haupo mahali pake juu ya kabati. Jirani alipopita nimeuona kwapani mwake.

Kapakua. Mimi nikiwa nanawa mikono, Poni kaingiza mkono kwenye mkoba wangu, katoa kichupa, kakitikisa mbele ya bibi yake. Kinalia kama kayamba.

"Habuba. Hii iko?"

Habuba kaacha sahani. Kainama mpaka uso wake ukawa sawa na wa mtoto, katazama ndani ya kichupa, kwa makini, kama anaiona mara ya kwanza.

"Hapana, bint. Hii hapana iko."

Poni kanigeukia. Nimeonja, nimeitikia kwa kichwa.

Kakiweka kichupa mezani, kavuta sahani.