Bobine Juu ya Bati

Kapata, Kolwezi
Tarehe 6 Septemba

Tata mpenzi,

Nakusalimu kwa heshima yote, wewe baba yangu na Shangazi Agnès, na wote wanaonawa mikono kwenye beseni lenu. Goti la kushoto linasemaje? Limekubali kupigwa kanisani, au bado unasali umesimama kama mlinzi wa lango? Na mihogo, nguruwe wa jirani wameiacha mwaka huu? Sisi huku ni wazima, ila vumbi la Kingamyambo, lile lundo la mabaki ya mgodi, halijatuachia na mvua inajivuta.

Ninakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu simu yako inashikwa na binamu Muteba, naye huiweka kipaza sauti ili ukoo mzima usikie. Haya ni ya wewe na mimi. Mama Laurentine, yule muuza samaki wakavu, ameapa kuitia barua hii mkononi mwako. Isome peke yako, Tata, na usiikunje kabla ya kufika chini.

Kuna karatasi nyingine njiani, inatoka ofisi ya cité, wakubwa wa mtaa wetu. Inasema kwamba juu ya nyumba iliyo kwa jina lako kuna mtambo usio na ruhusa, na inakutaka utie sahihi ili ubomolewe. Mtambo huo ni wangu. Ni gurudumu la upepo, lenye mabawa matatu niliyoyachonga kutoka bomba la maji, juu ya nguzo ya chuma upande wa chumba cha ndugu yangu marehemu Gael. Upepo ukilisukuma linajaza betri ya lori, na betri inatupa taa, redio na simu. Nataka usitie sahihi. Hilo ndilo ombi langu, na mengine nakueleza ili usiyasikie kwa watu.

Najua utasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nimepanda bati lile mara nyingi kuliko paka, Tata, na miguu yangu yote miwili ni mizima.

Utauliza pia mbona sikununua paneli ya jua kama wenzangu. Tulikuwa nayo. Kiangazi chote vumbi la Kingamyambo linailalia, unaifuta asubuhi, adhuhuri imekuwa nyeupe tena. Siku moja nikiifuta na kutukana, nikaona kwamba upepo uleule unaotuletea vumbi haujawahi kutufanyia kazi hata moja. Na umeme wa waya wewe unaujua. Ulizilinda waya hizo miaka thelathini, zinapita juu ya vichwa vyetu kwenda mgodini, na huku Kapata umeme unashuka kama mgeni asiyetaka kuvua viatu.

Sitakudanganya, kuna siku gurudumu halizunguki kabisa, na watoto wa avenue wanaliimbia nyimbo za kejeli. Lakini lilipozunguka juma zima la Julai, Mama Domitille alikuja kuniuliza kama linaweza kuendesha mashine yake ya kunyolea. Nikamjengea lake. Sasa ananyoa vichwa vya nusu ya cité. Baada yake akaja mwingine, na mwingine. Leo magurudumu yako saba kwenye avenue yetu, yote ya mikono yangu. Mama Domitille anawaambia wateja wake, “Tuko na shamba yetu ya mupepo, tunavuna bila jembe.” Wewe mkulima utacheka, lakini ndivyo yanavyoitwa hata huko nje, mashamba ya upepo.

Nimelijua hilo mwezi uliopita. Walikuja wageni wa kampuni moja, wale waliosimamisha nguzo ndefu ya kupimia upepo kilimani, wakatukusanya katika ukumbi wa parokia. Mhandisi wao alieleza kwamba mashamba hayo yanaongezeka kila mwaka, Moroko, Kenya, China, hata katikati ya bahari, na kwamba gurudumu moja kubwa linabeba shaba tani kadhaa. Nilinyanyua mkono nikamuuliza shaba hiyo inatoka wapi. Akatabasamu, akajibu kwamba huenda ni ya hapa. Nikamuuliza tena, wakijenga kilimani kwetu, umeme utakwenda wapi. Akasema utakwenda mgodini. Ukumbi ukaguna. Halafu, kama mtu anayetuliza watoto, akaongeza kwamba upepo wa Kolwezi ni mdogo, ungeweza labda kuwasha taa za nyumba moja, ila hakuna mtu anayehangaika na kitu hicho. Mama Domitille akainuka, akamwambia atoke nje atazame juu.

Alitoka kweli, akatazama, akapiga picha. Lakini bwana wa ofisi ya cité alitoka pia, naye hakufurahi kuona wanawake wamemwaibisha mbele ya wageni. Kesho yake alikuja kwangu na kusema nyumba ni ya mwenye jina, na mwenye jina si mimi. Nilimjibu kwamba kwa miaka mitano ya giza hakuna aliyekuja kuuliza jina la mwenye nyumba. Akasema nina mdomo mrefu. Nikamwambia ni wa kurithi.

Sasa, Tata, nafika kwenye lililo zito.

Siku ya tatu baada ya kumzika Gael, ulitoa nje kila kitu cha shaba. Masufuria, waya, hata msalaba ule uliokuwa juu ya mlango. Ulisema shaba imekula mwanao na haitaingia tena katika nyumba yako. Ukaenda kijijini. Uliponiuliza kwa simu ninaishi kwa kazi gani, nilikujibu, “Minatumika na ma-bobine, Tata.” Ukafurahi, ukasema, “Ni muzuri, mwana wangu. Kushona haiuwake muntu.” Ulidhani ni bobine za uzi. Nikakuacha udhani hivyo, na kila Noeli uliniombea baraka ya sindano. Sijawahi kushona hata kifungo. Bobine zangu ni za waya wa shaba. Ninafumua mota zilizoungua na kuzisokota upya, za vinu, za pampu, za mashine za kuchomelea, katika chumba cha Gael, kwenye meza yake. Shaba iko ndani ya nyumba yako tangu mwaka ulipoondoka.

Na bado sijafika mwisho.

Kwenye matanga ulisema mbele ya watu kwamba tamaa ya bia na viatu ndiyo iliyompeleka Gael kwenye mashimo ya shaba ya Mutoshi. Niliinamisha kichwa. Haikuwa tamaa yake, Tata. Ilikuwa yangu. Nilitaka kujifunza kwa Tata Kitenge, yule msokota mota wa karibu na soko, naye alikuwa na sharti moja tu, “Mwanafunzi anakuyaka na waya yake,” yaani aje na waya wake wa shaba. Niliogopa kukuomba wewe pesa, nikamwambia Gael. Akashuka shimoni Mutoshi, akauza madini aliyochimba, akaniletea bobine ya kwanza ya waya imefungwa katika shati lake, anacheka. Nikamwambia ni nyembamba, mota kubwa zinataka waya mnene. Ni mimi niliyemwambia hivyo. Akarudi tena, na shimo likamwangukia.

Hakunywa bia siku hiyo. Alikwenda na viatu vyako vya zamani.

Waya ule mwembamba sikuuuza, wala sikuufundishia vidole; kazi nilijifunza kwa waya wa mota zilizoungua. Niliuficha miaka minne. Ndio uliomo ndani ya gurudumu lililo juu ya bati lako, wote, mpaka mita ya mwisho. Bwana wa ofisi anataka utie sahihi kwamba hiyo ni takataka.

Ninamlilia Gael, na nitamlilia mpaka nife. Lakini kazi aliyoifia sitaiacha, wala sitajifanya mshonaji tena ili watu walale vizuri. Ukitaka kulaani, nilaani mimi, Tata. Gurudumu liache lizunguke.

Karatasi inadai jibu kabla ya mwisho wa mwezi, na ukinyamaza watahesabu umekubali. Kwa hiyo usinyamaze. Ukiandika hapana, mpe Mama Laurentine, atanirudishia. Ukiandika ndiyo, wewe ni baba yangu na nitaiheshimu sahihi yako kwa kuisoma mpaka chini. Kisha waje. Watanikuta juu ya bati, na Mama Domitille juu ya lake, na wenzetu watano juu ya yao, na wachague waanze na nani.

Nisalimie Shangazi Agnès, mwambie kitenge chake alichoniagiza nitakituma. Wasalimie wa kanisani na majirani wote, hata wale wenye nguruwe. Goti lipakwe mafuta ya mawese ya moto kabla ya kulala. Mungu akulinde.

Ni mimi, mtoto uliyebaki naye,

Huguette