Vazi la Kuingia Ziwani

Jumanne, 13 Januari

Mchungaji alikuja na mzee mmoja wa kanisa. Wakanipaka mafuta, wakaniombea. Alipokuwa akivaa koti aliniuliza kwa upole kama kuna jambo lolote moyoni ningependa kuliungama. Nikasema hakuna, Mchungaji. Uongo! Mafuta hayajakauka kwenye paji la uso, nami nadanganya.

Basi naungama hapa, pasipo na msomaji. Nataka kuingia Ziwa Ontario. Si wakati wa joto — sitaufikia, daktari wa moyo aliniambia hivyo Novemba, tukiwa wawili tu chumbani. Nataka sasa, kwenye barafu hii. Nilale kifudifudi juu ya ubao, wimbi linichukue hadi ufukweni. Mara moja.

Kemunto hajui la daktari wala la ziwa. Binti yangu ni nesi, anakaa Richmond Hill, na tarehe saba Februari ananihamishia kwake. Chumba ameshakipaka rangi. Kitanda kina vyuma pembeni. Kule hakuna ziwa, na najua sitatoka tena kwa hiari yangu.

Aliyeniharibu ni Zahira, jirani yangu hapa Crescent Town. Baridi ya mwaka jana alinipakia kwenye gari tumpelekee kaka yake chai. Kaka mwenyewe ni Navroz, daktari wa meno mstaafu, mzaliwa wa Tanga, mtu na heshima zake. Tukashuka hadi chini ya yale magenge ya Scarborough. Theluji inaanguka — na watu wako majini! Wamesimama juu ya mbao, wanateleza na mawimbi. Navroz akatoka ndevu zimeganda, anacheka kama aliyeachiwa shule mapema. Mimi niliyefundisha jiografia Nyamira mpaka nikawa mwalimu mkuu, niliyeyachora maziwa haya ubaoni kwa chaki ya bluu, sikujua yana mawimbi ya kupanda.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikienda. Kemunto anadhani niko maombi ya akina mama.

Ijumaa, 16 Januari

Suti ya kuingilia majini imefika! Navroz ameiazima kwa mke wa rafiki yake, mwembamba kama mimi. Ni ya mpira, nyeusi, nene kama kandambili, ina kofia yake imeshonewa shingoni. Nikaiegemeza kwenye kiti ikakaa yenyewe. Utadhani nimepata mgeni.

Nikauliza chini yake navaa nini. Fulana mbili? Sweta? Zahira akasema nguo ya kuogelea tu, Mwalimu, lazima mpira ushike ngozi. Sina nguo ya kuogelea. Mimi mzee wa kanisa la Waadventista nitaitoa wapi? Akaniletea yake, ya maua ya zambarau. Ee Mungu.

Navroz ametoa sharti. Mabega na zipu ya mgongoni nitasaidiwa. Lakini miguu hadi kiunoni — mwenyewe. Akaniambia: Mama, ukishindwa na suti hutaliweza ziwa. Ukiivaa ukiwa bado unapumua vizuri, nitakushika mkono mpaka majini.

Nilimwambia nimesimamia mitihani migumu kuliko huo. Sasa natazama lile jitu kwenye kiti na sina hakika.

Jumapili, 18 Januari

Aibu!

Nilioga, nikajipaka mafuta. Mtu atokaje bafuni bila kujipaka? Nikaona nizidishe, nijipake ya mgongo na ya magoti, yale mazito ya mgando, ili nipenye. Nikapenya kweli! Mguu ukaingia hadi chini ya goti kama kisu kwenye ndizi. Nikapiga kigelegele. Navroz, aliyekuwa sebuleni, akauliza kupitia mlangoni: "Mama, umepaka nini?"

Kumbe mafuta ya mgando yanakula mpira. Usoni yanaruhusiwa, kuzuia baridi. Kwenye suti ni sumu. Zahira akainama kwenye beseni akiisugua kwa sabuni ya vyombo, huku akinisema. "Mwalimu mzima! Umejipaka kama chapati!" Nikamjibu kwamba kwao hata chapati wanazikausha ndiyo maana ngozi zinapasuka. Tukacheka hadi nikakosa pumzi, ikabidi nikae sakafuni.

Suti imepona. Mimi sijui.

Jumatano, 21 Januari

Navroz kanifundisha: vaa mfuko wa plastiki mguuni, ndipo upitishe mguu. Unateleza, kisha unauchomoa mfuko kwa chini. Usivute kwa kucha, vuta kwa nyama ya vidole. Kunjua kidogo kidogo kuanzia kifundoni, usikimbilie kiuno.

Leo nimefika magotini, miguu yote miwili. Halafu moyo ukaanza fujo. Nililala chali nikiwa nimefungwa nusu, nikisikiliza lifti ikipanda na kushuka.

Asubuhi Mumbi alikuwa amekuja kunivisha. Ni msichana mwema, ananiita Shosho kama bibi yake; shirika la kuhudumia wazee linamlipa kwa hiyo kazi. "Mkono, Shosho. Mwingine, Shosho. Haya, umependeza!" Mwaka mzima sasa. Namshukuru, na kila asubuhi natamani kumpiga kofi. Hilo nalo naliungama.

Jumamosi, 24 Januari

Sabato. Na upepo wa mashariki umekuja leo! Wenyewe, ule wanaousubiri wiki nzima. Navroz alipiga simu mapema: mawimbi mazuri, madogo, kama yamepimwa. Nikamwambia leo ni siku ya Bwana. Akasema anaelewa, ingekuwa jana jioni yeye ndiye angekataa, maana Ijumaa huwa yuko jamatkhana, nyumba yao ya ibada.

Hata hivyo suti sijaiweza. Lakini hiyo siyo sababu niliyoitoa.

Nikaenda kanisani. Mahubiri sikusikia hata neno. Nilitazama dirishani jinsi matawi yalivyoinama kuelekea magharibi, nikajisemea: sasa mawimbi yanavunjika pale kwenye mawe, sasa Navroz anageuka. Tuliposimama kuimba nilichelewa kusimama. Kemunto akanishika kiwiko. "Umechoka, Mum?" Nikasema ndiyo. Sikuwa nimechoka. Nilikuwa na wivu.

Jumatatu, 26 Januari

KIUNONI!

Mwenyewe! Zahira alikaa mikono ameikalia ili asiniguse. Kifundo. Shavu la mguu. Goti — hapo nilipumzika, nikanywa maji, nikasubiri moyo unyamaze. Paja la kushoto liligoma. Nikalibembeleza. Nikalikaripia kama nilivyokuwa nikiwakaripia wa kidato cha nne. Likaingia! Nikasimama nimeshika meza, suti imenibana toka kiunoni kushuka, miguu yangu ambayo imekuwa kama ya mtu mwingine ikawa yangu tena. Imara. Nyeusi tii. Nilijitazama kwenye kioo. Juu maua ya zambarau, chini samaki.

Zahira alikuwa akilia, huku akijifanya anapenga kamasi. Amewahi kujitolea miaka mingi kuosha na kuvisha wanawake waliofariki kwenye jumuiya yao. Akasema: "Mwalimu, nimevisha wengi. Hakuna aliyenipigia kelele kama wewe."

Leo nitalala bila kuhesabu pumzi.

Alhamisi, 29 Januari

Nimekamatwa.

Kosa ni kiburi. Zahira yuko sokoni, nami nikataka nijaribu hata mikono, peke yangu. Wa kushoto uliingia. Wa kulia ukaishia kiwikoni, na hapo nikakwama — viwiko vyote nyuma, kifua mbele, kama kuku aliyefungwa kupelekwa mnadani. Nikasikia ufunguo mlangoni. Kemunto, ametoka zamu, ameniletea supu.

"Mum? ... Mum! Hii ni nini?"

"Ni suti."

"Naona ni suti! Ya nini?"

Akaketi kitandani na sare yake. Akatafuta kifundo cha mkono anipime mapigo, hakikupatikana, kimemezwa na mpira. Akaniwekea vidole viwili shingoni akitazama saa. Nami, kwa kuwa sikuweza kukimbia wala hata kujikuna, nikasema yote. Ziwa. Maombi nisiyoyahudhuria. Daktari.

La daktari halikumshtua. Akasema polepole: "Mum, mimi ni nesi. Naona miguu yako inavyovimba. Ulidhani nilipaka kile chumba rangi kwa sababu gani?"

Kumbe tangu Novemba tumekuwa tukidanganyana kwa adabu, mama na mwana, kila mtu akimkinga mwenzake.

Akaniuliza kama nataka kufia majini. Nikamwambia hapana, nataka kuvaa. Kuna gauni la hospitali linanisubiri, lile la kamba mgongoni, na baada yake nitavishwa la mwisho nisilochagua. Kabla ya hayo nataka vazi moja nililoingia kwa nguvu zangu, kwenda mahali nilikotaka kwenda. Na humo ndani ya maji nibebwe kwa furaha, si kwa machela. Sikujua nina maneno hayo mpaka yalipotoka.

Akaanza kunivua. Haikuvulika! Akavuta mguu, nikaja na shuka na mto. Akaweka unyayo kwenye kitanda avute vizuri. "Nani alitengeneza hii kitu?" Mara nikaona mabega yake yanatikisika. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka, kwa hasira, machozi yanamtoka. Nami nikacheka.

Kisha akaikunja suti pembe kwa pembe kama shuka za wodini, akaiweka chini ya kwapa, akaondoka nayo. Supu imepoa mezani.

Jumapili, 1 Februari

Jana kanisani aliketi nami, akanifungulia kitabu cha nyimbo, la suti hakuligusa. Zahira anataka kumpigia. Nimemkataza. Nimeshasema yangu, sitamwomba mwanangu mara mbili.

Navroz anasema upepo wa mashariki unarudi Jumanne. Wa mwisho kabla ya tarehe saba. Suti iko kwenye buti ya gari lake Kemunto, Richmond Hill.

Jumatatu, 2 Februari

Kemunto ameandika kwenye simu. Maneno matatu tu: Upepo ni lini?

Jumanne, 3 Februari

Naandika ndani ya gari la Navroz, ufukweni, hita inavuma. Ukingoni barafu imepasuka vipande kama sahani. Zaidi yake, maji ya kijivu — na mawimbi! Madogo, yamepangana.

Kemunto alikuja asubuhi na suti. Ameomba ruhusa kazini. Alifungua mlango wa nyuma wa gari, akatandika blanketi, akasimama mikono mifukoni. "Haya. Nionyeshe."

Nikamwonyesha! Mfuko wa plastiki, kifundo, shavu la mguu, goti. Nikapumzika. Paja. Paja la pili. Niliona vidole vyake vikihangaika ndani ya koti, na hakuvitoa. Kiunoni! Hapo ndipo akasogea na Zahira, mkono mmoja mmoja, wakanipandishia mabegani. Zipu ikalia mgongoni kote. Zahira akanivuta kofia hadi kidevuni, nikawa uso tu. Mwanangu akaniangalia muda mrefu. "Mum, unafanana na sili wa baharini."

Halafu akampa Navroz masharti. Maji ya kiunoni, basi. Wimbi moja. Midomo ikibadilika rangi, nje. "Na ukimwachilia, Daktari, nitakung'oa meno yote bila ganzi." Navroz akasema ndiyo, Sista. Sijawahi kumwona mnyenyekevu hivyo.

Kemunto amenipima tena shingoni, sasa hivi. Akaisogeza saa asiionyeshe. Hesabu hakuniambia. Sikuuliza. Mchungaji akirudi nitamwambia sina la kuungama, na itakuwa kweli.

Navroz yuko majini tayari, ameshikilia ubao. Zahira amefungua mlango, baridi imeingia yote kwa mkupuo. Glavu ya kushoto nimevaa. Ya kulia Kemunto ameishika, ameipanua mdomo kwa vidole vyake vyote, anasubiri. Kalamu, Mum, anasema. Weka chini. Nipe mkono —