Sinema ya Shemeji Inamsingizia Marehemu Dada Yangu

Anti Ritha, shikamoo. Naitwa Mastura, mkazi wa Makorora hapa Tanga, nina jambo limenikaa kooni, halimezeki wala halitemeki, naomba unisaidie kabla Jumamosi haijafika.

Kila Jumamosi asubuhi naalikwa redioni kuzungumzia sinema mpya, na watu wananijua kwamba simpaki mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Zile tamthilia za majumba ya kifahari, ambamo kila mtu analia na wanja hauharibiki, nimezisema na wenyewe wamenuna, halafu kuna filamu ya vijana wa Korogwe waliojichangisha wenyewe, ya kizee aliyemaliza ujana wake kukata mkonge, anakunja shati lake taratibu hasemi neno na wewe unajikuta machozi yanakutoka, hiyo niliisifu mpaka mtangazaji akashangaa. Kusema ninachokiona sijawahi kuogopa, mpaka shemeji yangu Nasri alipoonyesha filamu yake.

Nasri alimwoa dada yangu Sabiha, wakakaa Bweni, ng'ambo ya mto Pangani. Sabiha alifariki kwa uzazi, yeye na kichanga chake, Mungu awarehemu, na mimi nilikuwepo. Tangu asubuhi damu ilikuwa inamtoka, akaoga, akavaa, akakaa barazani na mfuko wake wa nguo anataka apelekwe hospitali, lakini gari analo Nasri, kaenda nalo Mkwaja kupiga picha za harusi, na kila tukimpigia simu anajibu, "Msikodi gari la mtu, namalizia, nakuja." Alifika alasiri. Tulivuka kwa pantoni Sabiha akiwa hamtambui mtu, na jua halijazama tukaambiwa amefariki.

Sasa hiyo filamu, Anti, ni ya mume anayempigia mkewe magoti waende hospitali, na mke anakataa, mbishi, anataka mganga, mpaka mume anambeba mgongoni kumkimbiza kivukoni. Majina kabadilisha, lakini nyumba ni ileile, na kanga aliyojifunga yule mwigizaji, Praxeda, ni ya Sabiha. Kinachoniumiza zaidi ni kwamba filamu ni nzuri, picha zimetulia, sauti safi, Praxeda anakata roho ukumbi mzima wa Pangani unalia, hata mimi nililia, na ingekuwa ya mtu nisiyemjua ningesema pwani yetu mwaka huu haijatoa kazi bora kuliko hii.

Nilimfuata Nasri nje. Nikamwambia, "Shemeji, dada hakukataa kwenda."

Akanijibu, "Hii ni sinema, Mastura, si mahakama. Wewe mwenyewe unasema redioni msanii aachwe huru."

Na kweli, huwa nasema hivyo.

Binti yao Hafsa, ambaye naishi naye mimi, alikuwepo ukumbini. Tulipokuwa tunarudi akaniuliza, "Mama mdogo, kumbe mama alijiua mwenyewe? Hakutaka kuishi na mimi?" Nikamwambia anyamaze, tutaongea. Hatujaongea.

Jumamosi iliyopita mtangazaji akaniuliza hewani naionaje kazi ya Nasri, nikanyamaza mpaka akaweka wimbo. Sasa watu wanasema nina kijicho, Nasri haitikii salamu yangu, na mama yangu anasema funika kombe mwanaharamu apite, Sabiha keshazikwa, usimvue nguo baba wa mtoto mbele ya mji mzima. Safari hii nimeambiwa lazima nijibu. Nikiisifu namgeuka dada yangu, nikiiponda Hafsa atasikia redioni kwamba baba yake ndiye aliyechelewa. Nifanyeje, Anti?

Mastura, Makorora

*

Marahaba, Mastura. Pole kwa msiba, na pole kwa kukaa ukumbini ukimwona dada yako anasingiziwa huku watu wanapiga makofi. Pole nimekupa, sasa nisikilize.

Umenieleza habari za redio, za mtangazaji, za maneno ya watu, halafu hapo katikati ukapitisha haraka haraka kwamba mtoto aliuliza kama mama yake hakumtaka, nawe ukamwambia anyamaze. Una akili kweli, mwanangu? Uongo alioutunga Nasri, wewe unauthibitisha kila siku kwa huo ukimya wako. Hilo ndilo la kwanza, na haliwezi kungoja Jumamosi. Leo Hafsa akitoka shule kaa naye, umwambie mama yake alioga, akavaa, akangoja gari, kwa sababu alitaka kuishi. Akiuliza gari lilikuwa wapi, mwambie lilikuwa Mkwaja na baba. Usitie chumvi. Wala usimwite baba yake muuaji, kwa sababu si muuaji. Ni mwanamume aliyedhani uzazi unangoja, kama wengi wanavyodhani, na naona amejitungia mume aliyewahi kwa kuwa yeye hakuwahi. Namwonea huruma. Lakini huruma yangu haimpi ruhusa ya kumtwisha marehemu lawama yake.

Kesho vuka uende Bweni, na uende na mama yako. Akikataa, mwambie mjukuu wake anaamini mama yake alijiua, uone kama hatainuka kutafuta buibui lake. Mkae na Nasri, asikie swali la Hafsa kwa maneno yaleyale aliyoyasema mtoto. Mwombeni jambo moja tu: amweleze binti yake ukweli kwa mdomo wake mwenyewe. Filamu akiibadilisha au asipoibadilisha, shauri lake. Msanii ana uhuru, hukukosea kusema hivyo, ila aliyechukua nyumba na kanga ya mtu halisi asijifiche nyuma ya neno sinema.

Jumamosi nenda redioni, usiisifu wala usiiponde. Sema, "Filamu hii inahusu kifo cha dada yangu, nami nilikuwepo, sifai kuwa mwamuzi wake." Mtangazaji akikushikilia, inuka uondoke. Na kabla hujainuka, waambie wanaokusikiliza, wa Pangani, wa Mkwaja na kwingineko: mjamzito akitokwa na damu, mpakieni kwenye gari la yeyote aliye karibu. Mume atawakuta hukohuko hospitali.