Oili Ghali ya Gari la Baba

Jumamosi, 3 Mei 2025

Naanza daftari hili leo na naapa kuandika yote, hata yatakayoniaibisha. Mwalimu Nicholas wa fizikia anasema anayeandika matokeo mazuri peke yake si mwanasayansi, ni mpiga debe. Basi yote!

Habari kubwa hapa kwetu ni gari. Ni Probox nyeupe – zamani ilikuwa nyeupe – na Baba huenda nayo Ndera kuchukua ndizi za wakulima na kuzileta soko la Garsen. Tangu Pasaka limeanza kula oili. Leo nilimsindikiza Baba hadi gereji ya fundi Jibril. Fundi alitazama moshi unavyotoka nyuma, akacheka. "Baba Kahaso, gari yako inavuta sigara kuliko mimi!" Kahaso ndiye mimi.

Akatuwekea galoni mbili juu ya meza. Moja oili ya kawaida. Ya pili sinthetiki, galoni ya rangi ya dhahabu, bei yake mara mbili na nusu. Baba aliishika kama mtu aliyepewa mtoto wa wageni ambebe. Akasema oili ni oili. Fundi akajibu kwamba hata mchele ni mchele, lakini pishori unainusa ukiwa bado barabarani.

Nikauliza kama kweli inafaa kwa injini iliyozeeka. Nilifurahi alivyonijibu bila kunidharau. Alisema anauza zote mbili kwa hivyo hana haja ya kudanganya. Sinthetiki inavumilia joto na haichoki haraka. Lakini wapo mafundi wanaosema kuitia kwenye injini kuukuu ni kumvisha ajuza viatu vya mbio.

Baba hakununua kitu. Alisema atafikiri.

Kwa nini nahangaika hivi? Niandike wazi. Gari la kwanza lilikufa injini nikiwa darasa la tano, na Baba akaenda Bura kulima shambani kwa baba mdogo Barnabas. Miaka mitatu. Alikuja Krismasi na Pasaka tu, na Mama alimtilia chai katika kikombe cha wageni. Mimi nilimwamkia, kisha nikatoka nje. Tangu anunue hili la pili analala nyumbani, anakoroma, ananiuliza habari za shule. Na amesema wazi: hili nalo likifa, hana njia nyingine ila Bura.

Jumapili, 4 Mei

Baada ya kanisa Baba aliniita. "Haya, mwanafunzi, nieleze hiyo sinthetiki kwa lugha ya watu."

Nilichota pojo za namna mbili. Ya kwanza Mama alikuwa ameshaichambua, ya pili bado ina mawe na vipande. Nikamwambia oili ya kawaida ni kama hii ambayo haijachambuliwa, chembe kubwa na ndogo pamoja, na zile dhaifu huungua kwanza. Sinthetiki ni hii iliyochambuliwa, chembe zote zinalingana. Kwa hivyo inateleza vizuri na haiungui upesi.

Baba alitikisa pojo mkononi kwa muda mrefu. Mama akasema kama kuchambua ndiko kunakoongeza bei, basi yeye amdai nani?

Amekubali! Kwa neno langu mimi! Nimefurahi, halafu nimeogopa.

Jumatatu, 5 Mei

Oili mpya imetiwa na filta mpya. Fundi alikagua kizibo cha galoni mbele yetu kuhakikisha hakijafunguliwa, kwa sababu oili bandia ni nyingi. Mama alipita akichungulia: "Hiyo inayomwagwa humo ni sare ya shule, jueni."

Nimeanza jaribio langu. Kila baada ya siku chache nachomoa kifimbo cha kupimia oili na kudondosha tone moja juu ya karatasi nyeupe. Oili nzuri husambaa sawasawa. Ikichafuka huacha duara jeusi katikati. Tone la leo: rangi ya asali. Karatasi nimeibandika ukurasa wa nyuma. Kama matokeo yakiwa mazuri Mwalimu Nicholas atayapeleka kwenye maonyesho ya sayansi Hola. Sijamwambia mtu kwamba nalitamani hilo. Nimeliandika hapa tu.

Kazi yangu nyingine kwenye gari ni maji ya rejeta. Naijaza kila asubuhi kabla ya shule. Zamani Baba alitia maji ya mto hivi hivi, na Tana wakati wa mvua ni tope tupu! Mimi tangu Februari nayatia shabu kwanza, kama Mama anavyofanya na ya kunywa. Nazungusha jiwe la shabu ndani ya ndoo, tope linazama, nachota ya juu yanayong'aa. Gari letu linakunywa maji safi kuliko watu wengi wa mtaa huu.

Ijumaa, 9 Mei

Moshi umepungua! Si macho yangu tu, hata Mama amekiri, na Mama hakiri ovyo.

Baba amekuwa hasemeki. Pale sokoni anafungua boneti bila kuulizwa na kuwaonyesha watu kifimbo. Dukicha, anayeuza maziwa ya ngamia, alimwambia achovye mkate kabisa. Sasa wanaliita "gari la asali". Baba anajifanya amechukia, lakini alituhadithia mara tatu wakati wa kula.

Tone la leo: asali, iliyokolea kidogo. Limesambaa vizuri.

Jumanne, 13 Mei

Mtihani wa kemia. Swali la nne lilikuwa gumu. Tone bado zuri. Gari lilitaka maji mengi kuliko kawaida – chupa mbili badala ya moja. Joto, nadhani.

Alhamisi, 15 Mei

Siwezi kuandika vizuri.

Gari limechemka njiani likitoka Ndera, limejaa ndizi. Baba anasema mshale wa joto ulipanda ghafla, kisha mvuke, kisha likazima lenyewe. Lori la mchanga lililivuta kwa kamba mpaka Garsen. Ndizi nusu zimeiva juani.

Nilichomoa kifimbo. Tone si asali tena. Ni rangi ya chai ya maziwa, na lina povu! Maji yameingia ndani ya oili.

Baba alilitazama tone. Hakunigombeza, afadhali angenigombeza. Alisema tu, "Pojo yako imeoza, mwanangu."

Ijumaa, 16 Mei

Baba alikwenda kwa fundi Jibril asubuhi na maneno yakawa makubwa. Nilisimama nje ya mabati. Baba alisema ameuziwa oili bandia. Fundi akasema, "Walahi, Baba Kahaso, mimi nimekufungulia kizibo mbele ya macho yako na ya mtoto!" Baba akamwambia asimtaje mtoto. Fundi akamwambia basi asimwite yeye mwizi mbele ya wateja. Wateja walikuwa wawili, na wote walikuwa wameacha kunywa chai ili wasikie vizuri.

Mwishowe fundi alisema Baba aliache gari, atafungua injini bila malipo, na ikiwa kosa ni oili atameza galoni iliyobaki.

Baba hakucheka. Jioni alimpigia simu baba mdogo Barnabas. Nilisikia upande mmoja tu: ndiyo, ndiyo, kesho, nitalala popote. Kisha akaulizia mifereji ya Bura kama ina maji.

Jumamosi, 17 Mei

Ameondoka na basi la asubuhi. Mfuko mmoja. Aliniambia nisome.

Mama alinituma gereji kumpelekea fundi ufunguo. Nikakaa kutazama. Alikuwa amekwisha toa rejeta. Alipoigeuza, hayakutoka maji bali kitu kama uji uliolala, cheupe cheupe kilichochanganyika na tope. Vijia vyote vya ndani vimezibwa, na alumini imelika kama kitambaa kilicholiwa na nondo. Alichukua kidogo kwa kidole, akanusa. Halafu akaonja! Akatema, akakunja uso wote.

"Inakausha ulimi. Hii ni shabu! Nani huyu anainywesha gari shabu?"

Akacheka mpaka akashika ukuta. Alieleza, hakuwa akiniambia mimi hasa, alikuwa akiieleza gereji yote: shabu ni ya mtungi wa watu, ndani ya rejeta inakula alumini na kuacha ute. Rejeta imeziba, injini imechemka, gasketi ya juu inayotenga maji na oili imeungua, maji yakapita kwenye oili. Gari linataka kulanti, yale maji ya kijani, au angalau maji ya mvua.

Nilikuwa nimeshika ufunguo bado. Niliuweka mezani, nikasema kwa heri anko, nikaenda nyumbani.

Sikusema. Niliapa kuandika yote na naandika: sikusema.

Jumapili, 18 Mei

Sikusikia mahubiri.

Tukichambua mchicha nilimwambia Mama. Nilianza na swali la nne la mtihani, sijui kwa nini, mwisho nikafika kwenye shabu. Aliweka mchicha chini. Kisha akauliza jiwe lile la shabu lilitoka wapi. Nikasema kwenye kopo lake. Akasema, "Nami nalaumu panya tangu Februari!" Akacheka, machozi yakamtoka, na sikujua yote ni ya kicheko au la.

Alisema kwa fundi niende mwenyewe, na Baba nimwambie mwenyewe.

Jumatatu, 19 Mei

Nimekwenda baada ya shule. Nilisema moja kwa moja kabla sijasalimia: ni mimi. Fundi Jibril aliacha spana. Nilitarajia mambo mengi. Alisema, "Sasa wewe ndiye umenisafishia jina langu. Kaa, unywe chai." Kisha akaongeza kwamba chai yake haina shabu.

Alinionyesha beringi za injini. Zinang'aa, hazina mikwaruzo. Nikauliza: ni oili ile iliyoziokoa? Baba angetia ya kawaida zingeungua? Akakuna kichwa. Anadhani ndiyo, kwa joto lile ya kawaida ingegeuka lami. Au Baba alizimikiwa mapema, ikawa bahati. "Sikuwa ndani ya injini, binti."

Nimeandika: haijathibitishwa. Jaribio langu lilipima oili vizuri sana na halikupima maji hata mara moja.

Jumanne, 20 Mei

Gasketi mpya imefungwa. Fundi amepata rejeta nyingine, kuukuu lakini nzima, na kulanti ya kijani. Mama na yeye wameelewana atalipwa kidogo kidogo kwa ndizi na pesa. Oili ya maziwa imemwagwa yote.

Baba hajui chochote. Jana alimpigia Mama akasema wamempa sehemu ya kulima mpaka Desemba, lakini bado hajaweka kidole kwenye karatasi ya mkataba.

Saa tisa nilitumia simu ya Mama. Nimefuta mara nne. Hivi ndivyo nilivyoandika mwisho:

"Baba, shikamoo. Ni Kahaso. Oili haikuwa na kosa, wala fundi. Ni mimi niliyekuwa nikitia shabu kwenye maji ya rejeta, nikidhani nalisafishia gari. Nisamehe. Injini ni nzima. Sasa iko tupu, galoni zote mbili ziko mezani, na fundi Jibril anasema hatatia hata tone mpaka mwenye gari achague. Anafunga saa kumi na mbili. Nijibu leo, Baba, kabla hujatia kidole: atie ipi?"