Majivu ya Mbao za Rangi

Nyumbani,
Jumapili jioni.

Shemeji mpendwa,

Dada yako amekufa. Homa ya mapafu, hospitalini, Jumatatu alfajiri. Tumeshamzika. Simu yako haipatikani, ndiyo maana habari unaipata kwa karatasi. Nisamehe.

Hujambo huko? Mguu umepona? Sisi tunapumua. Mtoto analala, anaamka, anamuuliza mama yake. Mama yako yuko hapa, na yeye ndiye kanifanya niandike haraka.

Unaijua bustani ya dada yako nyuma ya jiko. Alikuwa anatia majivu kidogo tu, kiganja, ya kuni tupu, wadudu wakimbie. Sasa msibani kuni ziliisha. Wenzangu wa kazini wakaleta mbao kuukuu za saiti ya ujenzi, zenye rangi na dawa ya mchwa. Tukapikia hizo. Walitusaidia, siwalaumu.

Juzi nikakuta mama kayamwaga yale majivu yote kwenye matuta. Ndoo kwa ndoo. Mchicha mweupe kama umepigwa chokaa. Nikamwambia, mama, haya yana sumu, mtoto asile humu.

Akasema, "Majivu ni majivu. Wewe mbeba zege, bustani umeijulia wapi? Mwanangu alikuwa anatia, na mimi natia."

Nikachukua beleshi nikwangue udongo wa juu. Akaenda akakaa katikati ya tuta na nguo zake za msiba. "Haya, kwangua. Anza na mimi."

Mkwe hasukumwi, shemeji. Nikaweka beleshi chini.

Leo mchana kachuma mchicha uleule, kampikia mtoto. Nimemwaga sufuria nzima mbele yake. Mtoto kala mkate mkavu. Hatujasemezana mpaka sasa.

Najua mikono yake inatafuta kazi ya mwanawe. Lakini sumu haijui msiba.

Mimi hanisikii. Wewe ndiye kifungua mimba wake. Barua hii anakuja nayo dereva wa lori. Ukiipata tu, azima simu, piga kwa jirani yetu fundi cherehani, ampe mama simu. Mwambie aniachie bustani niichimbe upya. Usiseme nimemshtaki kwako, atafunga virago, na mtoto sina wa kumwachia.

Msalimie mkeo na mapacha. Mungu akutie nguvu, najua mlivyopendana na dada yako.

Mimi kesho narudi kazini. Mtoto anabaki na bibi yake.

Shemeji yako akupendaye hata akiwa na hasira,
Baba Mtoto