Mstari Uliotutumia, Baba

Kambini, mashamba ya miwa,
Moshi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima, na goti la Mama liwe limepata nafuu, maana baridi ya huko Njombe najua imeshaanza kung'ata. Sisi tunapumua, ila nikisema hatujambo nitakuwa nimekudanganya. Nimeandika kwa sababu kwenye simu unanikatiza, na leo sitaki kukatizwa.

Unajua binti yetu Lusi alivyotutoka, homa ya siku tatu tu. Wakati wa matanga majirani walilala sakafuni kwetu. Mama Aika, mwenyeji wa Machame, alileta mtori wa ndizi akanilisha kwa kijiko kama mzazi. Hawakusema kitu. Laiti wangebaki hivyo!

Halafu jani la muwa likamchoma mume wangu Yohana jichoni akiwa kazini, jicho likapofuka. Basi, ndimi zikafunguka. Mzee wa kanisa hapa kambini alikuja na wenzake wawili, wakanywa chai yangu, kisha akamuuliza Yohana, "Baba Lusi, Mungu hapigi bure. Umefanya nini?" Yohana akasema hajafanya kitu. Wakarudi kesho yake, na keshokutwa. Hata Mama Aika alininong'oneza tukiwa sokoni Kiboriloni, "Mwambie aseme tu, yaishe. Pengine alipita kwa mganga. Wanaume hawasemi."

Walitaka atubu mbele ya usharika, kama wafanyavyo waliotengwa wanaporudi kundini. Wewe unamjua mkweo, si mtu wa maneno. Mwisho akaniambia, "Nitasema nilikwenda kwa mganga. Wakishanipokea, watatuacha tulie." Nilimjia juu. Nikamwambia, "Ukisema hivyo, umekubali kwamba wewe ndiye uliyemuua Lusi."

Ndipo ukaingia ujumbe wako. Nilidhani Baba, mwinjilisti wa miaka yote hiyo, atatutetea. Kumbe ulimtumia mstari wa Ayubu, ule unaouliza ni nani aliyewahi kuangamia akiwa hana kosa, ukasema utakuja usimame naye atakapotubu. Yohana aliusoma kwa jicho lake moja, akalia. Mzee wa kanisa alifurahi sana. "Hata baba mkwe ameona," akasema. Toba ikapangwa Jumapili.

Nilikasirika, Baba. Nisamehe, lakini nilikasirika. Nikafungua Biblia uliyonipa siku ya ndoa, nione ni nani anayesema maneno yale. Si Mungu. Ni Elifazi, rafiki aliyekuja kumfariji mgonjwa! Tangu utotoni ulinifundisha kwamba lililoandikwa mle lote ni neno la Mungu, nami sikuwahi kuuliza lilitoka kinywani mwa nani. Nikasoma mpaka mwisho, mahali ambapo sijawahi kukusikia ukihubiri. Mungu anawakasirikia wale marafiki, Baba, si Ayubu.

Jumapili Yohana alipoitwa mbele, nilisimama nami. Nikasema, "Mume wangu hana la kutubu. Mstari mnaomshikia ni wa watu waliokemewa." Kanisa zima likageuka kunitazama. Mchungaji akafunua Biblia yake, akasoma peke yake kitambo kirefu, kisha akamwambia Yohana arudi akakae.

Tangu siku hiyo mzee wa kanisa hatusalimii. Bombani wanawake wananipisha kama mwenye kipindupindu. Yohana anahofia tutatengwa sote wawili, tubaki hatuna hata wa kutuzika. Nami naogopa, sikufichi.

Nisalimie Mama, na shangazi anayeishi nanyi, na mdogo wangu fundi cherehani, mwambie gauni la Lusi alilolishona ninalo bado.

Umesema utapanda basi wiki ijayo. Njoo, Baba, tunakuhitaji. Ila usije kumtubisha mtu. Wale marafiki hawakuambiwa wakamwombee Ayubu. Waliambiwa waende kwake, yeye ndiye awaombee.

Yohana ameshaanza kukuombea.

Mwanao,
Tabitha, Mama Lusi