Kiti cha Bibi kilitangulia barabarani

Shoga, leo nusura nimuue Bibi. Mama mzazi wa bosi, ndiye huyo huyo.

Tumetoka kliniki, namsukuma kwenye kiti chake cha magurudumu. Tukafika kwenye mistari myeupe. Unakumbuka kule nchi ya kwanza tulikofanya kazi wote, ukikanyaga mistari tu magari yanasimama, hata lori? Na yalikuwa yanatokea kulia. Basi nikaangalia kulia, kweupe, nikasukuma.

Nchi hii yanatokea kushoto! Na hayasimami mpaka ubonyeze kitufe cha taa!

Na mimi niko nyuma, shoga. Kiti ndicho kilichotangulia. Miguu ya Bibi iko barabarani, mimi bado niko pembeni salama.

Gari lilifunga breki mpaka nikasikia harufu ya matairi. Dereva akatoa kichwa: "We dada, huna macho?" Ninayo! Niliangalia! Ila niliangalia upande wa kule.

Tukafika getini. Bibi akasema, "Mjukuu wangu, dawa tumechukua za mwezi mzima. Ungeniacha nizimalize kwanza."

Nikacheka, kisha nikalia. Anasema nisimwambie bintiye, nitafukuzwa. Lakini nikinyamaza halafu nikasahau tena? Miaka sita ya kule, shingo imezoea kugeukia kulia.

Nitamwambia bosi jioni hii, liwalo na liwe. Akiniacha nibaki, nitakuwa navuka kinyumenyume, nakivuta kiti. Gari likija linikute mimi kwanza.